Usianze na tunda, anza na usiku wa Januari

(Haya ni maongezi kuhusu kupanda matunda kwenye grinihausi, zile nyumba ndogo za kioo za bustanini, niliyotoa mwezi wa kumi kwenye kikao cha jumuiya yetu ya Afrika Mashariki hapa Midlands, Uingereza. Watu wameomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazee. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na ambao hamjaingia hapo basi hamjambo. Mwenyekiti kanipa nusu saa lakini harufu ya pilau inafika mpaka hapa mbele, kwa hiyo najua kabisa sina hata hiyo nusu saa, tuanze tu.

Nimeombwa niongelee habari ya kupanda matunda kwenye grinihausi za nyumbani. Naelewa kwa nini, maana tangu watu waanze kupata nyumba zenye kibustani huko nyuma kila mtu anaota mpapai. Nikikutana na mtu msibani, harusini, kwenye foleni ya dukani, swali ni lile lile, nipande nini. Na mimi huwa namrudishia swali, usiku wa Januari grinihausi yako itakuwa na nyuzi ngapi ndani? Hapo mtu ananiangalia kama nimemnyima kitu, yeye kaja kuuliza habari ya mapapai mimi namuuliza habari ya baridi. Lakini ndugu zangu hilo ndio swali lenyewe, mengine yote tutakayoongea leo yanatoka hapo hapo.

Angalia, mwezi wa sita huku kila kitu kinaota. Jua linakaa masaa 16 na zaidi, kioo kinashika joto, ndani ya grinihausi iliyofungwa inafika nyuzi 40 bila shida, hata wewe mwenyewe ukisimama mle wiki nzima unaweza kutoa mizizi. Kwa hiyo mtu ananunua mgomba mwezi wa tano, mwezi wa nane una majani kama wa kule Muheza, Tanga, anapiga picha anatuma kwenye grupu la familia, bibi kule nyumbani anashangilia. Mwezi wa pili ukimtembelea anakuonyesha kitu cheusi kimelala kwenye ndoo. Mti wa matunda sio mchicha bana, unatakiwa upite miaka, na mti unaopita miaka unahukumiwa na ule usiku mmoja mbaya kuliko yote, sio na yale mawikendi mazuri.

Sasa tupige hesabu kidogo, msiogope, ni hesabu ya LUKU tu, yaani ule umeme wa kulipia kabla wa kule Tanzania. Grinihausi ya futi 6 kwa 8, ambayo ndio saizi ya kawaida ya nyumbani, vioo vyake ukijumlisha kuta na paa ni kama mita za mraba 20. Nje pakiwa nyuzi mbili chini ya sifuri na wewe unataka ndani pabaki nyuzi 5, yaani barafu isishike tu, hita inatakiwa itoe karibu wati 850 muda wote. Ukitaka nyuzi 15, ambapo mgomba na mpapai ndio kwanza wanaanza kukuelewa, unahitaji kama kilowati mbili. Usiku wenyewe tuuhesabie masaa 14. Wa nyuzi 5 anatumia yuniti 12 (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), wa nyuzi 15 anatumia 28. Kwa peni 25 yuniti moja hiyo ni paundi 3 kwa 7.

Mtu anasema aah, tofauti ni paundi 4 tu, nitamudu. Ngoja kwanza. Yule wa nyuzi 5 hita yake inawaka pale tu joto likishuka chini ya nyuzi 5, saa nyingine thamostati, ile swichi inayopima joto, inazima na umeme hauendi. Yule wa nyuzi 15 hita yake imewaka tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, usiku na mchana, kwa sababu mchana wa Januari hapa kwetu ni nyuzi 6 au 7 tu nje. Januari peke yake inaweza kupita paundi 150 kirahisi sana. Kwa hela hiyo nenda dukani ununue mapapai, kula, mengine gawa msikitini na kanisani.

Na joto lenyewe halitoshi, kuna mwanga. Hili watu wengi hawalifikirii kabisa. Tarehe 21 Desemba London inapata mwanga wa jua usiofika masaa 8, na hilo jua lenyewe linapita chini chini huko juu ya paa za majirani, wakati Tanga siku hiyo hiyo ina masaa 12 na kitu na jua liko juu sana. Ukiupa mpapai joto bila mwanga unarefuka, unakuwa mwembamba, majani ya njano, vidukari wanafurahi. Kwa hiyo hata mwenye hela ya umeme ajue kwamba hajanunua Tanga, amenunua joto tu.

Wala wenyeji wa huku hawakuanza jana kuhangaika na hili. Kabla ya umeme walikuwa wanapanda mananasi humu humu nchini, karne ya 18 huko, kwenye mashimo yenye paa la kioo, wanazungushia samadi ya farasi au magome ya mti wa mwaloni yaliyotoka kwa watengeneza ngozi, yakichacha yanatoa joto taratibu kwa wiki na wiki. Nanasi moja lilikuwa mali ya tajiri, watu walikuwa wanalikodi likae mezani siku ya karamu halafu linarudi kwa mwenyewe. Tena kioo kilikuwa na kodi yake tangu 1746 mpaka ilipofutwa 1845, kwa hiyo mtu wa kawaida grinihausi aliisikia tu.

Na hapa hapa jirani, Derbyshire, kuna jumba linaitwa Chatsworth, la ukoo wa Cavendish. Mtunza bustani wao Joseph Paxton miaka ya 1830 alipata mgomba mfupi uliofika Uingereza kutoka Mauritius, akaulea ndani ya nyumba ya kioo, mwaka 1835 ukatoa maua na baadaye ukazaa. Wakaupa jina la bosi wake. Zile ndizi za njano za supermaketi ambazo sisi tunazilalamikia kwamba hazina ladha, zinaitwa Cavendish mpaka leo kwa sababu hiyo. Paxton huyo huyo ndiye aliyechora lile jengo kubwa la kioo la Crystal Palace la 1851. Lakini mkumbuke yule alikuwa na makaa ya mawe, maboila, na vijana wa kuchochea moto usiku kucha, na mwenye nyumba alikuwa bwana mkubwa wa nchi. Wewe una hita ya plagi na bili inakuja kwa jina lako.

Haya, twende kwenye miti sasa.

Mimi naanza na ile isiyotaka hita kabisa na najua hapa wengi mtanuna. Zabibu. Tini. Pichesi, Wakenya mnasema pichi. Stroberi. Mtu ananiambia hayo matunda ya Wazungu, nani kasema? Dodoma wanalima zabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka, Lushoto pichesi zinauzwa barabarani kwenye ndoo. Tofauti ni kwamba mti wa zabibu huku unalala baridi ikija, unamwaga majani, na unapenda kulala, usimwashie hita. Pale kwenye jumba la kifalme la Hampton Court London kuna mzabibu mmoja ulipandwa mwaka 1768, uko ndani ya nyumba ya kioo, na mpaka leo unazaa na zabibu zake wanaziuza kila mwisho wa kiangazi. Kitu cha kuiga pale ni kwamba mizizi yake iko nje, kwenye kiwanja kitupu wanachokiacha makusudi bila kupanda kitu, shina ndio linaingia ndani. Nyumbani unafanya hivyo hivyo, panda nje ubavuni mwa grinihausi, toboa tundu chini, ingiza shina, basi mvua inamwagilia mizizi bure na kioo kinaivisha zabibu. Ndani utabaki na kazi ya kukata matawi Desemba, na usichelewe, ukikata mwezi wa tatu maji yanachuruzika kwenye kidonda kama bomba limepasuka.

Tini weka kwenye chungu, ibane mizizi. Mtini ukiuachia ardhi yote unakupa majani makubwa mazuri na kivuli na hakuna tunda. Pichesi faida yake ndani ni moja kubwa, kuna ugonjwa wa kuvu unaokunja majani yanakuwa mekundu yenye mabonge, na huo unasambazwa na mvua ya mwisho wa baridi ikigonga vichipukizi, mti ukiwa chini ya paa kipindi hicho unapona bila dawa. Ila unatoa maua mapema nyuki bado wamelala, itabidi upite na brashi. Brashi tutaiongelea sasa hivi.

Kundi la pili ni la nyuzi 5, na kwa maoni yangu hapa ndipo pesa yako inapokaa vizuri. Komamanga, mapera yale madogo mekundu, matunda damu (tree tomato), malimau, pasheni ya zambarau. Haya yote yanavumilia baridi ya bila barafu, hayafurahi lakini yanavumilia.

Malimau kwanza kwa sababu kila nyumba inataka. Kina mama wengi mnataka ndimu, najua, samaki bila ndimu ni nini, lakini ndimu ile ndogo ya kwetu ni kati ya walio dhaifu kabisa kwenye ukoo wake, inataka kama nyuzi 10 na kuendelea. Anza na limau aina ya Meyer, ni mti mfupi, unazaa ukiwa bado mdogo, ngozi laini na maji mengi. Nunua mche wa kubebeshwa, usihangaike na mbegu ya limau ulilokamua, utasubiri miaka mpaka watoto wamalize shule. Maji yake yawe ya mvua kama unaweza, weka pipa chini ya mfereji wa paa, kwa sababu sehemu nyingi za huku maji ya bomba yana chokaa, na mlimau ukinywa chokaa muda mrefu unashindwa kuvuta chuma, unaona jani limekuwa njano mishipa imebaki kijani. Watu wakiona hivyo wanaongeza mbolea wakati tatizo ni maji. Na kipindi cha baridi nyanyua chungu kwa mkono kabla hujamwagilia, kikiwa kizito acha, hata kama juu udongo unaonekana mkavu. Baridi na maji pamoja ndio vinaua mizizi, baridi peke yake mti unakusamehe. Halafu msiingize sebuleni karibu na redieta jamani, ile hewa kavu inapukutisha majani yote kwa wiki mbili.

Sasa pasheni. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni tunda langu na kwa sababu watu wengi wanapata maua mpaka wanachoka na tunda hata moja hawalioni. Kule nyumbani kazi ya kuchavusha inafanywa na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa, wanene, wakitua kwenye ua mgongo wao unagusa kila kitu. Humu ndani hayupo, kwa hiyo yeye ni wewe.

Ua la pasheni ya zambarau linafunguka asubuhi mapema na ikifika mchana limeanza kujifunga, ile ya njano ni kinyume, inafunguka mchana. Kwa hiyo kama unatoka kazini jioni ua la zambarau limeshakupita, fanya kabla hujaondoka. Liangalie kwa karibu. Katikati kuna kinguzo kimesimama, kwenye hicho kinguzo kuna vijifuko vitano vyenye unga wa njano, vimegeuza uso chini, na juu kabisa kuna vichwa vitatu vya kijani kwenye vijiti vyake. Ua likifunguka tu vile vichwa vitatu viko juu, vimejitenga, baadaye vinaanza kuinama taratibu mpaka vinakuja usawa wa ule unga. Vikishainama ndio wakati wake. Chukua brashi laini, hata ya rangi za mtoto, pitisha chini ya vijifuko mpaka uone nywele za brashi zimekuwa njano, halafu pakaza vichwa vyote vitatu, nata yake utaisikia mkononi. Basi. Baada ya siku chache ua linanyauka lakini pale kwenye kinguzo kunabaki kipunje cha kijani kinachovimba, hicho ndio juisi yako. Kama halijashika, ua zima linadondoka na kikonyo chake.

Zambarau inajichavusha yenyewe kwa yenyewe, mche mmoja unatosha. Ya njano inakataa unga wake, unahitaji miche miwili tofauti, na tofauti maana yake iliyotoka kwenye mbegu mbalimbali, ukikata vikonyo viwili kwenye mama mmoja hao ni mtu yule yule. Na ya njano inataka joto zaidi, kwa hiyo mwenye nyuzi 5 asijitese nayo. Kila mwaka mwezi wa tatu punguza matawi kwa nguvu, maua yanatoka kwenye tawi jipya, mtu anayeona huruma kukata ana msitu tu.

Haya sasa wale wa nyuzi 15. Ndizi, papai, nanasi. Sisemi haiwezekani, nasema usipashe nyumba nzima. Mnachoweza kufanya ni kutenga kona, mita moja ya mraba, mkaizungushia ile plastiki ya vipovu ya kufungia vyombo, juu mpaka chini, mkaweka ule mkeka wa umeme wa kuotesha mbegu chini ya vyungu na taa ya LED juu yake. Unapasha kona, sio grinihausi. Mkeka wenyewe unakula wati chache kuliko hata hita ndogo, na mizizi ikiwa na joto mti unavumilia hewa iliyopoa kidogo.

Nanasi ndio rahisi kuliko yote kwenye kundi hili na ni dogo. Kile kichwa cha majani cha nanasi ulilokula, kizungushe kitoke, ng'oa majani ya chini, kiache kikauke siku chache, panda kwenye chungu chenye udongo usiotuamisha maji. Baridi ikija kihamishie dirisha la bafuni. Kikishakuwa kikubwa na hakitaki kutoa ua, mwaga maji yaliyokaa katikati ya majani yatoke, kifunike na mfuko wa plastiki pamoja na tofaa lililoiva, siku kadhaa tu. Tofaa linatoa hewa ya ethilini na hiyo ndio inaliambia nanasi sasa zaa. Ni kanuni ile ile wenye mashamba makubwa wanatumia ili mananasi yao yaive pamoja, wao wanapulizia, wewe una tofaa.

Mgomba chagua mfupi, ule Cavendish wa kibeti, sio mkono wa tembo jamani paa lako ni mita mbili. Mgomba unaenda kwa majani, unatoa kama 30 mpaka 40 ndio mkungu unakuja, na chini ya nyuzi 14 hivi unasimama hautoi jani. Kwa hiyo miezi yote ya baridi mgomba wako haukui, umesimama tu, na ndio maana kule nyumbani mwaka mmoja unakula na huku ni miwili. Ukikubali hilo basi unauacha upumzike, maji kidogo sana, ndani ya nyumba kwenye korido hata, na unaurudisha mwezi wa tano.

Papai, mbegu za lile papai refu la dukani zinafaa, na kuna siri yake. Papai refu limetoka kwenye ua lenye dume na jike pamoja, la duara limetoka kwenye mti jike. Mbegu za lile refu, kama limejichavusha lenyewe, theluthi mbili ya miche inakuwa ya aina hiyo hiyo inayojitosheleza na theluthi moja jike, dume mtupu hakuna. Panda mitatu kwenye chungu, subiri maua, bakiza mmoja. Lakini narudia, bila ile kona ya joto papai litaoza mzizi kabla ya Krismasi.

Embe nimeulizwa mara nyingi. Jibu langu ni hapana. Unatoa maua wakati wa giza na unyevunyevu, kuvu inayaunguza maua yanakuwa meusi, na mti unataka paa la kanisa. Kuna watu wanafanikiwa, sikatai, wana hela na wana muda. Mimi embe nakula likizo.

Kuhusu grinihausi yenyewe nitapita haraka. Kama una ukuta wa matofali unaotazama kusini, iegemeze hapo, ukuta unanyonya jua mchana unalirudisha usiku. Polikaboneti ya tabaka mbili, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, inavujisha joto pungufu ya kioo karibu theluthi, kama unanunua mpya na unataka malimau nunua hiyo. Ukiiweka ndani ya mita 2 kutoka kwenye uzio wa jirani isizidi urefu wa mita 2.5, vinginevyo unahitaji kibali, na mliopanga muulizeni mwenye nyumba kwanza. Yale mapipa meusi ya maji ambayo watu wanayaona mtandaoni, ati yanapasha grinihausi bure, hesabu yake ni hii: pipa la lita 200 likipoa nyuzi 10 linatoa kama yuniti 2 na robo. Sio kidogo, mwezi wa nne litakuokoa usiku mzima. Lakini lazima mchana lipashwe kwanza, na Januari hakuna jua la kulipasha, kwa hiyo Januari pipa ni pipa la maji baridi.

Na madirisha! Watu wanaogopa baridi mpaka wanasahau kwamba kiangazi ndio kinachochoma. Kuna kile kifungua dirisha chenye nta ndani, nta ikipata joto inatanuka inasukuma dirisha, ikipoa linajifunga, hakina umeme wala betri. Weka. Asubuhi za joto mwaga maji sakafuni, kwa sababu utitiri mwekundu unapenda ukavu, ukiona jani lina vidoadoa vya kijivu na utando mwembamba kama wa buibui huyo ndiye. Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, chukua pamba na spiriti futa mmoja mmoja ukiwa unasikiliza redio. Nzi weupe usipulizie sumu, agiza vile vinyigu vidogo vya Encarsia, vinakuja kama vidoti kwenye kikadi unatundika, vinataga ndani ya watoto wa nzi weupe na watoto wanakuwa weusi. Waingereza waliviona vikifanya kazi hiyo mwaka 1926 kwenye nyumba za nyanya na vinafanya kazi mpaka leo, ila vinataka joto, tundika kiangazi sio sasa hivi. Na kama ulishapulizia sumu vitakufa na hela yako.

Kuna mzee hapa mbele kaniuliza kabla hatujaanza, je niende nyumbani nirudi na mche wa mdimu wa babu kwenye begi. Mzee wangu, shikamoo tena, hapana. Mche wa kupanda unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka huko unakotoka, bila hicho wanautupa pale pale uwanjani. Na wana sababu, malimau yana magonjwa yanayosafiri na mche mmoja na kumaliza mashamba ya nchi nzima.

Na kijana pale nyuma anayejenga grinihausi kwa mama yake Limuru, kule Kenya kwenye milima ya baridi, yako ni kazi nyingine kabisa. Kule unazuia mvua, ukungu na wadudu, tatizo lako ni joto la mchana, kwa hiyo pembeni weka neti sio plastiki mpaka chini, acha juu pa hewa kutokea. Stroberi itakulipa. Papai usipande pale, Limuru papai linaganda roho, mpelekee mama la kutoka Thika.

Basi, naona sahani zinapangwa. Pale mlangoni kuna boksi mbili. La kwanza ni vikonyo vya pasheni ya zambarau vilivyoshika mizizi, la pili ni machipukizi ya mgomba mfupi, hayo ni machache kwa hiyo naomba achukue tu mtu mwenye korido yenye dirisha na mwenye nia. Pasheni msizipande nje hata mtu akiwaambia nini, chungu cha lita 3, dirisha la kusini, maji nusu kikombe udongo ukikauka, mpaka mwezi wa tatu. Nje kuna upepo leo, fungieni miche kwenye gazeti kabla hamjafika kwenye gari. Na mwenye grinihausi tayari leo usiku aweke themomita ndani, ile inayobaki kwenye namba ya chini kabisa, halafu wiki ijayo anitumie hiyo namba, hapo ndio tutaongea apande nini.